Kifungo Kikubwa Kuliko Mlango

Jumatatu, 3 Machi
Kifungo cha shati kimesimama! Bati zito, kimo kupita mlango, matundu manne ya ukubwa wa sahani, kamba nyekundu katika mawili. Miaka thelathini nimechomelea mageti ya watu. Hiki ni changu. Nimekiweka uwanjani, mkabala na chumba alichokuwa akishonea marehemu mke wangu. Alikuwa na kalenda ya zamani yenye masanamu ya ajabu ya duniani: kidole gumba kirefu kuliko mtu, mkono unaochomoza mchangani. Kila akifungua mwezi mpya, anacheka. "Watu wanapanda ndege kwenda kuona kidole! Mimi ninavyo kumi hapa, mbona hawaji?"
Sasa watakuja.
Saa nne kafika afisa wa halmashauri. Kasema ni chuma chakavu. Nisipothibitisha kuwa ni kivutio, kwa sahihi za wageni kumi kutoka nje ya mji kufikia Ijumaa, lori litakibeba. Kumi! Kama vidole vya marehemu. Dalili njema.

Jumanne, 4 Machi
Wageni: hakuna. Jirani seremala kaniuliza shati lenyewe liko wapi, maana anataka kumwona mwenye kitambi hicho. Wapita njia wakaangua kicheko. Nikajifanya nahesabu misumari. Mchana mama wa nyumba ya pili akapitisha kamba kwenye matundu yaliyobaki, akaanika mashuka. Yalipendeza, kusema kweli. Marehemu angempa na vibanio.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu! Shemeji, mdogo wake marehemu, kavaa miwani ya jua, kaning'iniza kamera mbovu shingoni. Azunguke nyumba mara kumi, kila mara na kofia nyingine, asaini kwa jina jingine. Kofia ya tatu, afisa akapita. Akamsalimia, akamwuliza kama Jumamosi ana nafasi ya kumnyoa. Nilisahau kabisa. Shemeji ndiye kinyozi wake! Ukurasa wa sahihi ukachanwa.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua. Nimekaa kwenye kiti cha marehemu. Shati langu la bluu lina kifungo kilichoshonwa kwa uzi mwekundu. Wa bluu ulikuwa umeisha. Akasema nivae tu, nani ataniangalia kifuani zaidi yake. Kesho lori.

Ijumaa, 7 Machi
Afisa kaingiza kichwa tunduni aone bati limeshikwaje kwa nyuma. Kuingia kikaingia. Kutoka kikagoma! Basi la wanakwaya waliokuwa safarini likasimama. Wakashuka wote, wakapiga picha, wakamwimbia ubeti mmoja. Sahihi arobaini na mbili! Seremala akaleta mafuta ya kupikia. Afisa akachomoka akiteleza, kola haina kifungo. Akauliza nani hapa anashona. Nikamwambia aliyekuwa akishona hayupo tena, na bati hili ni lake. Akaitazama cherehani iliyofunikwa kitambaa.
"Basi kibaki, mzee. Ila hayo matundu uyazibe."
Nikaahidi.

Jumamosi, 15 Machi
Sikuyaziba. Kifungo bila matundu ni sinia. Badala yake nimekitengenezea mwenzake: sindano ya kushonea, ya bomba la chuma, ndefu kama nguzo ya taa, bado imelala chini. Tundu moja tu, jembamba. Marehemu alikuwa akitunga uzi mara moja, bila miwani. Kazi yangu kumshikia taa. Seremala kadai na hili litanasa mtu. Nikamwambia kichwa hakipiti. Nikamwonyesha.
Mwandiko umepinda kwa sababu naandika kifudifudi. Shemeji amefuata mafuta ya kupikia. Wageni wa leo hadi sasa: kumi na mmoja.