Mashine ya Shangazi Inataka Mahari

Jumatatu, 4 Agosti

Imetembea tena! Vigae vitatu vya sakafu tangu jana. Nimehesabu mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Jana niliiacha imeegemea ukuta, waya umechomolewa, bomba limefungwa. Asubuhi nimeikuta katikati ya jiko, mlango wazi kiasi cha vidole viwili. Kama mtu anayetaka kusema jambo halafu akasita.

Ni mashine ya kuoshea vyombo, ya mwaka 1974. Shangazi Pudentienne aliachiwa na daktari Mjerumani aliyekuwa mwajiri wake Kigoma. Tulirudi nayo Kigali juu ya lori, mimi nimekaa juu yake njia nzima. Shangazi ndiye aliyenilea. Hakuolewa. Alifariki Januari, humu humu katika nyumba ya Kibagabaga, ambayo sasa ni yangu na mke wangu Raïssa. Siitupi mashine yake. Nimesema.

Raïssa naye amesema. Kaka yake Léonidas, wa Busanza, anatuletea mashine mpya Jumapili. Zawadi! Nyeusi, inawashwa kwa simu. Pikapu itakayoileta ndiyo itakayoondoka na ya zamani. Na kama ya zamani haikupanda pikapu, atapanda yeye. Amesema hivyo huku akikunja shuka, bila kupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Miaka ishirini na moja ya ndoa. Bila Raïssa sijui hata chumvi inakaa wapi.

Lakini kumshukuru Léonidas! Mtu anayesema "mimi nakura nyama tu", mezani pangu, mbele ya mwalimu wa Kiswahili! Haiwezekani.

Mpango: fundi kesho. Mashine ipone kabla ya Jumapili. Raïssa aione ikifanya kazi, atokwe machozi ya furaha. Léonidas arudi na boksi lake.

Jumanne, 5 Agosti

Fundi Kabera amekuja kutoka Nyabugogo na mfuko wa vyuma. Akanisalimia "habali, mwarimu". Nikamsahihisha yote mawili mlangoni. Shule zimefungwa, kazi haijafungwa.

Amebadilisha mpira wa mlango. Amesafisha pampu, ametoa humo pini ya nywele na jino la kitana, vyote vya Shangazi. Nilijikaza nisilie mbele ya fundi. Tukaiwasha. Ikanguruma vizuri sana! Tulipofungua, kila kitu kinang'aa isipokuwa kikombe cha Raïssa. Rangi ya mdomo bado ipo ukingoni, nyekundu, haijaguswa. Nikakirudisha peke yake, nikawasha tena. Kimetoka na rangi ile ile, kimejaa maji ya moto mpaka juu. Kabera alisema vikombe vingine ni vigumu kuosha. Hakuwa akikitazama kikombe. Alikuwa akiitazama mashine.

Halafu akapiga magoti, akaweka sikio mlangoni. Muda mrefu. Akasimama, akasema:

"Haiko mugonjwa, muzee. Iko natafuta mahari yake. Ikipata mahari yake, itatulia."

Nikamwomba arudie. Mahari, akasema. Mahari yake. Nikampongeza kwa matamshi. Ndilo neno pekee alilolitamka sawasawa siku nzima. Akaondoka haraka, akasahau spana.

Mahari! Nimekaa sebuleni saa nzima. Inaeleweka sasa. Shangazi hakuposwa na mtu. Hakuna aliyekuja na jembe wala ng'ombe kusema huyu ana thamani kwetu. Alikaa na mashine hii miaka zaidi ya thelathini. Ameondoka anadai.

Jumatano, 6 Agosti

Vigae vinne! Imevuka mlango wa jiko. Inaelekea chumba cha kulia.

Nimefanya utafiti. Ng'ombe haingii. Nimepima hata hivyo. Jembe ndilo lenyewe, wazee walitoa jembe. Nimenunua moja jipya, na kitenge cha njano, na kidumu cha pombe ya ndizi. Njiani nikakutana na jirani yetu Mukasine, mjane, mama mcheshi. Akaliona jembe limefungwa utepe, akauliza nani anaoa. Nikamwambia ni siri ya familia, asimwambie Raïssa. Nilijipongeza kwa busara hiyo.

Nimeandika hotuba. Nzuri! Kiswahili sanifu, mafumbo ya heshima. Nimeificha pamoja na vitu vyote chini ya kitanda, upande wa Raïssa, ambako hatatazama.

Mchana nilikuwa peke yangu nyumbani. Nikasikia kigae kikikwaruzwa. Kimoja. Nikatoka, imesimama kimya, lakini mguu wake mmoja ulikuwa bado haujagusa chini. Ukagusa nikiutazama. Nikasema samahani, nikarudi chumbani.

Alhamisi, 7 Agosti

Ametazama.

Nilitoka kuoga nikamkuta amekaa kitandani, jembe mapajani, karatasi mkononi. Akasoma kwa sauti sehemu niliyoipenda zaidi: "Ni wa mwaka 1974, tunajua, lakini bado anachemka, na maji yake ni ya moto." Akauliza ni nani huyo. Nikasema mila haziruhusu kutaja jina kabla upande wa pili haujakubali. Akauliza kama anamjua. Nikasema anamjua sana, anamwona kila siku.

Mukasine amezaliwa 1974. Sikulijua hilo. Raïssa alilijua.

Nikaona heri niseme ukweli wote. Nikasema ni mashine. Akasema sasa nawaita wanawake mashine. Nikasema hapana, mashine ndiyo mwanamke, au tuseme ni Shangazi, kwa namna fulani. Kadiri nilivyofafanua ndivyo alivyozidi kukunja nguo, na safari hii zilikuwa zinaingia kwenye begi.

Léonidas amekuja kumchukua. Akanitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Shemeji, kwa kweri!" Sikuwa na nguvu ya kumsahihisha. Ndivyo nilivyoumia.

Nyumba imekuwa kubwa. Nimekula mkate mkavu. Chumvi sijaiona.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeamua kumaliza jambo hili. Mashine ikitulia, Raïssa atarudi. Hesabu ni rahisi.

Saa tisa alasiri umeme ukakatika mtaa mzima. Hakuna upepo, hakuna mbwa, hata pikipiki zimenyamaza barabarani. Nikasema basi, wakati ndio huu. Nikavaa koti la harusi yangu. Mashine ilikuwa imefika karibu na meza. Nikaitandikia kitenge juu, nikaweka jembe kwenye trei ya chini, nikamimina pombe pale pa sabuni. Nikasoma hotuba. Ilipofika mahali pa kutaja muoaji nikakwama, sikuwa nimefikiria. Nikataja jina langu, Conrad, maana hakuna mwingine aliyekuwepo.

Nikakunja karatasi, nikainama.

Kisha mlango ukajifunga wenyewe, taratibu. Kli! Nikasikia maji yakiingia. Bomba limefungwa, waya uko mkononi mwangu, umeme hakuna. Maji yakaingia, yakazunguka, na ndani yake jembe likagonga. Ngo. Ngo. Ngo. Kama mtu anayebisha kutoka ndani. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, nasema wazi. Lakini nilikuwa nimevaa koti, na mtu aliyevaa koti hakimbii. Nikasema asante, karibu.

Ikanyamaza. Nikafungua. Jembe linang'aa kama kioo. Ndani kulikuwa na harufu ya mafuta ya nazi, aliyokuwa akipaka Shangazi Jumapili.

Mambo yamekwenda vizuri sana.

Jumamosi, 9 Agosti

Kabera amerudi kuchukua spana. Akaona povu la pombe sakafuni, akauliza. Nikamweleza kwa fahari kwamba mashine imepata mahari yake, jembe jipya kabisa.

Alinitazama kama wanafunzi wangu wanavyonitazama siku ya mtihani.

"Mwarimu! Mahari! Mahari!" Akapiga kigae kwa kiganja. "Pale iko nakaa! Pale irikuwa!"

Mahali.

Mahali pake! Miaka kumi na saba nasahihisha mji huu, na nimeoza kwa herufi moja. Nikamwambia kosa ni lake. Alikuwa anatembea akigonga vigae kwa spana, kimoja kimoja, mpaka chini ya kiti cha Raïssa mezani. Hapo palitoa mlio wa kitu kitupu. Akakibandua. Chini yake kulikuwa na tundu la bomba la zamani, limezibwa kwa kitambaa. Nikakumbuka. Kabla hatujavunja ukuta, mwaka tulipofunga ndoa, hapa ndipo palipokuwa jiko la Shangazi. Mashine ilikaa hapa. Raïssa ndiye aliyeomba ukuta uvunjwe, na Shangazi alisema sawa, na hakusema neno jingine wiki nzima.

Nikauliza mashine imejuaje. Kabera aliinuka, akakung'uta magoti. Aliuliza kitu kingine: hiyo mahari, ile ya jembe, niliitoa kwa jina la nani?

Kwa jina langu, nikasema. La nani tena?

Akafunga mfuko. Chai hakutaka. Akiwa tayari nje ya geti akasema kama ni yeye, angeiacha iende na pikapu, leo, si kesho.

Nimempigia Raïssa. Nimemweleza yote, mahari na mahali. Akacheka! Akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka, na machozi yakanitoka. Akasema anarudi kesho na Léonidas baada ya misa. Ombi moja tu. Asiikute ndani. Hakuamrisha. Alisema, "Conrad, tafadhali. Inanitazama."

Nimeahidi. Nimeahidi kwa moyo wote.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeamka na nia ya kuisukuma mpaka getini. Sikuwa na haja ya kuitafuta. Iko mezani, pale pale juu ya tundu, imetazama kiti changu. Kiti cha Raïssa kimesogezwa ukutani, kimegeuziwa uso huko.

Nikasema ngoja niunganishe bomba dakika mbili tu, nione. Mtu hawezi kutupa kitu bila kukijua. Jamani! Haina sauti. Haitikisiki. Imetulia kama Kabera alivyosema. Vyombo vinatoka vya joto, vikavu, vimepangwa kwa ukubwa, na sikuvipanga mimi. Nikanywa chai hapo mezani. Kwa mara ya kwanza tangu Januari nilihisi kuna mtu nyumbani anayefurahi kuniona.

Pikapu imefika saa sita. Raïssa ameingia na begi lake, anatabasamu, Léonidas nyuma na boksi. Akasimama mlangoni. Nikamweleza upesi, kabla hajasema kitu: tatizo limekwisha, lilikuwa suala la nafasi tu. Kiti chake nimekiweka karibu na dirisha, kuna hewa nzuri zaidi pale, na anaweza kulia chakula mapajani, wengi siku hizi wanafanya hivyo.

Akaitazama mashine. Mlango wake ulikuwa wazi vidole viwili. Akanitazama mimi, kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyelazwa. Akasema kwa upole kwamba ameelewa. Akarudi kwenye pikapu na begi. Léonidas akarudi na boksi. Nimeshinda, kwa upande huo.

Nimeandaa meza ya watu wawili, kwani anaweza kubadili mawazo njiani. Nimempigia mara tano. Inaita mara moja, halafu inakatika. Mara ya sita haikuita kabisa. Itakuwa betri. Simu yenyewe ni nzima, sina sababu ya kuibadilisha. Kesho asubuhi nitakwenda Nyabugogo kumtafuta Kabera aje aifungue simu, aitazame.