Kumtafutia Binti Jina la Kifaransa

Jumatatu, 2 Juni

Binti! Amezaliwa alfajiri, mzima, analia kwa nguvu zote. Kwetu Ukambani binti wa kwanza ni wa nyanya yake, kwa hiyo huyu ni Mumbe, jina la mamangu. Lo! Mumbe atafika wapi? Danson, mwenzangu wa kupanga meza pale hoteli ya watalii, alimwita bintiye Guillemette. Wafaransa wakampenda hadi wakamtafutia shule. Lakini Waingereza, ambao ndio wengi, wakijaribu jina hilo wanaishia kumwita "baby" tu. Nitamshinda! Wangu atapata jina la Kifaransa ambalo hata Mwingereza analiweza.

Mama yuko chumba cha nyuma. Hospitali wametuambia tumrudishe tu nyumbani. Amemwambia Pauline, mke wangu, kwamba anangoja kitu kimoja: kunisikia nikimwita mtoto "mwaitu", yaani mama yetu, kama baba anavyomwita binti aliyechukua jina la mamake. Nimesema kesho.

Jumatano, 4 Juni

Siku ya tatu. Wanawake wa kwetu wamekuja na uji kumpa mtoto jina. Nikasimama mlangoni, nikawaambia ana surua. Wameacha uji na kwenda wakinung'unika.

Kazini nimempa Bwana Tom, mgeni Mwingereza mpole, majina ayasome. Mireille: akawa mwekundu. Guillemette, kwa makusudi: akaomba maji. Odette: safi! Nikamwambia arudie. Safi tena! Danson akauliza tunacheka nini. Nikasema hali ya hewa.

Mama ameuliza tena. Nimemwambia avumilie kidogo.

Alhamisi, 5 Juni

Jamani, nina akili! Mtoto lazima achukue jina la nyanya. Sawa. Basi nyanya ndiye abadilishwe jina! Mama hakuwahi kubatizwa. Nimemleta pasta na bakuli la maji, na sasa Mama ni Odette. Desturi haijaguswa hata kidogo.

Kilichoniumiza ni kwamba alilia. Alinishika mkono akasema hakujua kwamba naifikiria roho yake hivyo. Sikujua niangalie wapi. Kisha akasema nimlete mtoto, nimwite. Mtoto alikuwa amelala. Nikasema kesho, asubuhi na mapema.

Ijumaa, 6 Juni

Danson kapiga simu kabla sijanywa chai. Kundi la Waingereza linaondoka, naye, kashasikia habari za ubatizo, anaapa hawataliweza hilo Odette langu. Haya basi! Nikamwambia Mama narudi sasa hivi. Mbio hadi hotelini. Wote wameliweza, hata mzee mmoja asiye na meno! Danson akanuna. Nikarudi nyumbani nikiimba.

Wanawake walikuwa wamejaa mlangoni. Mama ametutoka.

Pauline anasema alipoona pumzi inakatika, alimlaza mtoto kifuani pake, akamwita Mumbe. Halafu, yeye Mtaita na neno si lake, akamwita mwaitu. Mama akaitika. Macho alikuwa ameshafumba. Labda alidhani ni mimi. Sikuuliza, maana naogopa jibu.

Jumatano, 11 Juni

Tumemzika. Kwenye msalaba niliandikisha Odette. Nilipofika kaburini nilikuta wanawake wameshalifuta kwa rangi na kuandika Mumbe. Nimelia sana. Nilimkosea Mama, na sina wa kumwomba radhi.

Bwana Tom alikuja kutupa pole. Akampakata mtoto, akamwita Mumbe. Mara ya kwanza tu, bila kusita, utadhani amezaliwa Kibwezi kwetu Ukambani! Danson akacheka, tena mbele ya kaburi. Sasa mtaa mzima ni Mumbe, Mumbe. Mimi nikifungua mdomo niseme mwaitu, namrudishia Pauline mtoto.

Nimekaa nikafikiri sana. Kosa langu naliona: nilichelewa kumleta pasta. Mama angezoea kuitwa Odette, na watu wangezoea pia.

Sasa, binti wa pili huchukua jina la mama mkwe. Mama mkwe ni Wakesho, yuko Chawia, kule milima ya Taita, na Pauline anasema siku hizi anakohoa usiku kucha. Hapo hakuna kungoja. Jumamosi napanda huko na pasta. Simone, nadhani. Bwana Tom yupo hadi Ijumaa, atanijaribia.