Mashine Iliyodhani Ninaandika Kigeni

Jumatatu, 6 Mei

Nimekabidhiwa gazeti la umoja wa wanafunzi. Kurasa nane, zifike kiwanda cha uchapaji Ijumaa saa nne asubuhi. Likitoka salama, kiti cha mhariri ni changu. Likiharibika, kinakwenda kwa Katibu, mtu anayepiga pasi hata soksi. Nimeingiza ilani yangu katika programu ya kupanga kurasa. Mistari myekundu chini ya kila neno, shamba zima la pilipili! Mashine imedhani naandika Kiingereza. Nimesimama mbele yake kwa ghadhabu na, nakiri, kwa heshima. Ukoloni una uso, nao ni wa kioo.

Jumanne, 7 Mei

Shangazi, mpanga kurasa wa kiwanda cha uchapaji, amecheka mpaka miwani ikamdondoka. Akasema, baba, kompyuta haihutubiwi. Funga nyaraka zote, kisha chagua Kiswahili. Kila waraka mpya utazaliwa nacho. Nimefanya. Nikafungua ukurasa mtupu, nikaandika "uhuru". Hakuna mstari. Nywele zimenisimama. Karne za dhuluma, na ufunguo ulikuwa kubofya wakati hakuna kilichofunguliwa! Nimeitangazia kamati kwamba mashine imekombolewa. Katibu ameuliza kama nayo itapiga kura.

Jumatano, 8 Mei

Nimeingiza makala zote. Pilipili zimerudi. Ya Katibu pekee imeingia safi. Hujuma, nikamwambia Shangazi. Akasema hujuma iko wapi, makala huja na lugha iliyotoka nayo, kama mgeni mwenye mkeka wake kwapani. Katibu aliiwekea Kiswahili tangu kwake. Niipe kila makala lugha kupitia mtindo wa aya, kazi ya nusu saa. Ipo pia njia ya kuvua maumbo yote, ukubwa na unene wa herufi, wakati wa kuingiza, ila hiyo huvua hata vichwa vya habari. Nisiiguse.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeigusa. Ni mapinduzi gani yanayosubiri nusu saa? Nimemwaga makala zote mfululizo, ya Katibu mbele, iwe zulia la ilani yangu kupita juu yake. Wekundu umetoweka. Kichwa, jina na maneno, vyote herufi za kimo kimoja. Usawa kamili! Nimeutazama ukurasa kama mtu aliyeona mlima ukisogea.

Ijumaa, 10 Mei

Ilibidi kuvivisha vichwa upya. Nikaanza na cha Katibu, pamoja na jina lake. Nikafika kwenye ilani yangu, nikaisoma kidogo. Nathari gani hii! Nikairudia kwa sauti, nimesimama. Saa nne ikagonga. Gazeti limechapwa: kurasa nane, kichwa kimoja, mwandishi mmoja. Jina langu limo ukurasa wa tatu, katikati ya aya, kana kwamba Katibu ananisalimu.

Jumamosi, 11 Mei

Wanafunzi wamembeba Katibu mabegani kwa ajili ya ilani. Wanasema kumbe ana moto, na alivyo mpole. Kiti amepewa. Amenijia, akaniambia, ndugu yangu, ile ya ukurasa wa tatu sikumbuki kuiandika, lakini imenitoa machozi. Ameniomba nimpangie toleo lijalo. Shangazi amesema kubali, mwanangu, ila safari hii sikia la mkuu.

Nimekubali. Maumbo nimekwisha kuyavua. Makala ya Katibu iko mbele, zulia lile lile. Nimejifunza jambo moja tu: muda. Safari hii nitaanza kwa kuisoma yangu.