Kituo cha Farasi Wastaafu, Kanyakine

Jumatatu, 14 Julai

Leo nimeanzisha taasisi. Bado haina ofisi, wala wafanyakazi, wala choo cha wageni. Ina farasi wawili na mimi. Nimejiteua Mkurugenzi. Hakuna aliyepinga, kwa kuwa sikumwambia mtu.

Farasi wenyewe ni wa baba. Alikuwa saisi, mtunza farasi, kwenye shamba la ngano huko Timau tangu ujana wake. Mwenye shamba alipohama nchi, ikaamuliwa farasi wazee wapigwe risasi. Baba akaomba apewe wawili badala ya karamu ya kuagwa. Akawatembeza kwa miguu kutoka Timau hadi hapa Kanyakine. Ilikuwa Jumapili, watu walitoka ibadani kuwatazama. Mkubwa wa umbo anaitwa Kadogo. Mwenye shamba alikuwa na utani wake. Mkubwa wa umri ni Biskuti, jike, miaka ishirini na tisa. Nilipozaliwa nilimkuta tayari kazini.

Jamii haioni fursa. Dada yangu Kananu, mwenye kibanda cha kusuka nywele sokoni, ameniuliza ni lini nitatafuta kazi kama watoto wa watu. Nikamweleza kwamba mwenye Shahada ya Usimamizi wa Miradi hatafuti kazi, huibuni. Akasema basi nibuni na chakula cha jioni.

Habari kuu. Daktari Sheila wa Nanyuki amejibu ujumbe wangu. Yeye hutunza farasi waliostaafu mbio na utalii. Malisho yake yamejaa. Anatafuta mahali pa kuwaweka wanne, na msimamizi wa kuajiriwa. Atakuja Jumamosi kukagua.

Msimamizi ni mimi. Sioni mwingine.

Jumanne, 15 Julai

Ukaguzi wa ndani. Kadogo anapendeza. Jicho lake la kushoto limeingia ukungu, lakini akisimamishwa vizuri, mgeni ataona la kulia.

Biskuti ni tatizo. Mgongo umebonyea kama kitanda cha kamba. Mbavu zinahesabika kutoka barabarani. Meno yamekwisha; akitafuna majani ya nepia hutema madonge, na zizi lote limetapakaa madonge hayo. Baba humlowekea pumba za ngano kwa maji ya moto, huzikoroga kwa mkono, huonja joto lake kwanza. Kisha huketi juu ya ndoo akimsubiri amalize. Humaliza karibu na adhuhuri. Huo si utaratibu wa kitaasisi.

Nilimuuliza baba, kwa heshima, kama Biskuti anaweza kunenepa kufikia Jumamosi. Akasema hata yeye mwenyewe hawezi.

Thuranira amepita na kanta yake, lori dogo la kubebea ndizi. Tulisoma darasa moja hadi kidato cha nne. Yeye akaishia hapo, na sasa ana kanta, jambo linalodhihirisha kasoro kubwa katika uchumi wetu. Akaniuliza kama farasi wangu wamejaza fomu za pensheni, ama wanangoja wafe ndio walipwe. Wapakiaji wake wakacheka. Mkurugenzi hajibizani na dereva.

Jumatano, 16 Julai

Ufumbuzi umepatikana. Biskuti ataondoka kwa siku chache. Ataenda kwa Tata Mukami, dada ya baba, aliyeolewa Kibugu, upande wa Embu. Tata ana majani chai, ana zizi imara, ana ng'ombe wa gredi. Mgeni atamwona Kadogo peke yake, mwenye afya, upande wa kulia. Jumatatu Biskuti atarudi. Hakuna atakayedhurika.

Kikwazo kilikuwa baba. Nilimwambia kwamba Embu kuna mtaalamu wa meno ya farasi, na kwa Tata ni karibu. Si uongo kamili. Embu kuna wataalamu wengi. Baba aliweka sufuria chini. Akauliza kama kweli meno ya umri ule yanaweza kutengenezwa. Nikasema sayansi imepiga hatua. Akasema asante, mwanangu. Hakuwa ameniambia neno hilo tangu mahafali.

Akataka Kadogo aende pia. Hawajawahi kulala mbalimbali, akasema, na Kadogo kwa lile jicho lake humfuata Biskuti kwa harufu hadi mtoni. Nikamweleza kwamba kanta ni ndogo. Akaomba basi aende yeye. Nikasema kuna kiti kimoja tu.

Viti ni viwili. Cha pili nimekihitaji kwa ajili ya koti la suti, lisikunjamane.

Alhamisi, 17 Julai

Utekelezaji. Thuranira alikubali kumbeba Biskuti kwa sharti kwamba nimwambie tafadhali mbele ya watu. Nilimwambia. Akasema hajasikia. Nikarudia.

Baba alimfunika Biskuti blanketi lake mwenyewe, lile la kijivu analolalia. Alimpandisha kwa ubao wa kupakilia ndizi, hatua baada ya hatua, magoti yakimtetemeka. Ya Biskuti. Labda na ya baba. Kadogo alianza kulia hata kabla injini haijawaka. Sikujua farasi mzee ana sauti kubwa namna ile. Tulimsikia mpaka tukavuka daraja.

Tulisimama Runyenjes. Waendesha boda boda wakatuzunguka na magunia yao. Muuza parachichi mmoja, mama wa makamo, akauliza tunampeleka wapi nyanya huyu mgonjwa. Thuranira akamwambia tunampeleka harusini, na bwana harusi ndiye huyu mwenye tai. Soko likacheka. Yule mama hakucheka. Akakanyaga gurudumu, akanyoosha mkono, akamshika Biskuti puani. Akamwambia pole, nyanya.

Kibugu kuna baridi. Ukungu hushuka kutoka msituni na kuketi juu ya majani chai kama mwenyeji. Tata alinipokea kwa chai na mukimo. Nikamweleza dira ya kituo, dhamira yake, na awamu tatu za upanuzi. Alisikiliza vizuri sana. Akasema siku zote alijua nitakuwa mtu.

Tulipokuwa njiani kurudi nikakumbuka kwamba sikumwambia habari ya kuloweka pumba. Nikaona hakuna haja ya kurudi. Tata amefuga maisha yake yote.

Ijumaa, 18 Julai

Maandalizi. Bango limetundikwa: jina la kituo, jina langu, shahada yangu. Rangi imevuja kidogo kwenye neno "Wastaafu".

Kadogo hajala. Anazunguka zizi na kujigonga nguzoni upande wa jicho bovu. Analia. Jirani amekuja kuuliza kama tunachinja kitu. Nimejaribu karoti. Nimejaribu sukari guru. Nimeazima kioo kikubwa cha Kananu na kukitundika ukutani ili Kadogo adhani ana mwenzake, lakini nilikitundika upande wa kushoto. Kananu alikuja kukichukua, mteja wake akimfuata na nywele nusu kichwa. Akasema kama nataka kumwonyesha mtu sura yake, nianze na mimi.

Baba amehamia zizini.

Tata amepiga simu. Anasema mgeni wake anasimama langoni akitazama barabara, na mabua ya mahindi anayatema. Nikamjulisha kwamba mnyama huhitaji muda wa kuzoea mazingira. Sikumpa baba simu. Alikuwa na mambo mengi.

Jumamosi, 19 Julai

Daktari Sheila alifika asubuhi, amevaa buti. Nilikuwa nimevaa suti na nimeandaa hotuba. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja zizini, akasikiliza, akauliza farasi huyu anamwita nani.

Baba akasema mwenzake. Amepelekwa Embu kwa mtaalamu wa meno.

Daktari akauliza mtaalamu yupi. Akasema kwa upole kwamba wanaotibu meno ya farasi anawafahamu wote, na Embu hakuna hata mmoja.

Wote wakanigeukia. Kananu akasema sema, Mkurugenzi.

Nilisema. Nilitumia maneno mengi, na mengine yalikuwa mazuri. Baba hakunikatiza. Alikuwa akitafuta koti lake.

Daktari akaniambia jambo la kwanza ambalo mtunzaji wa farasi wazee hufundishwa: usiwatenganishe. Mmoja akiondolewa, wote wawili huacha kula, na mwili wa mzee hauna akiba. Kisha akasema hakuja kutazama farasi wanono. Alikuja kutafuta mtu awezaye kumweka hai farasi aliyekwisha meno. Angemkuta yule wa miaka ishirini na tisa akila pumba zake hapa, angetuachia wanne wake leo hii.

Waliingia garini, yeye na baba. Sikualikwa. Niliketi nyuma, katikati ya ndoo.

Jumapili, 20 Julai

Nitaandika kwa ufupi.

Tulimkuta jana alasiri amelala chini langoni, manyunyu yakimnyeshea. Tata alikuwa amemfunika lile blanketi, na juu yake nailoni ya kuchumia chai. Mbele yake palikuwa na mabua makavu na madonge. Tata alilia. Alisema amempa kile anachompa ng'ombe wake, tena kile kizuri, na hakuna aliyemwambia kitu. Hakuna aliyemlaumu. Walikuwa na mtu mwingine wa kumlaumu, na hawakumlaumu pia, jambo lililonifanya nikose pa kusimama.

Daktari alimsikiliza tumboni kwa muda mrefu. Akatikisa kichwa. Akamwambia baba, mzee, naweza kumsaidia apumzike, lakini useme wewe.

Baba aliketi kwenye matope, akapakata kichwa cha Biskuti. Akazungumza naye Kimeru, polepole, kama anayemweleza mtu njia. Akamwambia Kadogo anamsalimu. Kwenye jina hilo sikio la Biskuti liligeuka. Kisha baba akamwambia daktari, haya, apumzike.

Mimi niliwashikia mwavuli. Baadaye niliona kwamba nilikuwa nimeuelekeza upande wa daktari.

Daktari alikuwa ameomba Kadogo aletwe amnuse mwenzake, ama ataendelea kumtafuta. Kananu alimpigia Thuranira. Akaja na kanta usiku huohuo, bila kuuliza chochote, na bila utani hata mmoja. Hilo liliniudhi kuliko utani wake wote. Kadogo alishushwa. Alimnusa Biskuti kuanzia puani hadi mkiani, akarudia. Kisha akainamisha kichwa kando yake, akaanza kula nyasi.

Leo wanaume wa Kibugu wamechimba shimo ukingoni mwa shamba la chai. Mmoja alisema hata chifu wao hakuchimbiwa refu hivi. Baba alicheka kidogo, kisha hakuweza kuendelea na kuchimba.

Jumatano, 23 Julai

Kadogo anakula, alimradi baba aketi juu ya ndoo karibu naye. Mtoni humfuata baba kwa harufu. Baba naye hula akiwa palepale. Kananu huwapelekea zizini, uji huku na pumba huku, na anasema siku moja atachanganya.

Daktari Sheila amepiga simu. Wale wanne hatawaleta. Lakini Kadogo hafai kukaa bila farasi wenzake. Ana nafasi kwake, na nyumba ndogo ya saisi. Kadogo anaweza kuja na mtu mmoja anayemfahamu. Akaomba kuzungumza na baba.

Kabla sijampa simu nilizungumza na baba kwanza. Nilimkumbusha baridi ya Nanyuki. Nilimkumbusha kifua chake. Nilimkumbusha kwamba nina shahada na sina kazi. Alikuwa akimsugua Kadogo shingo, na mkono wake ulisimama. Kisha akachukua simu, akamwambia daktari kwamba kijana ndiye atakayekuja. Mzee atabaki kuangalia shamba la kahawa.

Aliponirudishia simu, daktari akauliza nani atabaki na mzee. Nikajibu kwamba familia imejipanga.

Jumatatu, 28 Julai

Nanyuki. Nimeripoti kazini. Cheo changu ni Msaidizi wa Malisho, lakini daktari amekubali kulifikiria neno "Afisa".

Kadogo amepokelewa vizuri. Kuna jike mzee wa kijivu ambaye hutembea upande wake wa kushoto, na Kadogo humfuata. Anakula bila kusubiriwa. Mradi umefaulu.

Kananu amepiga simu asubuhi. Anasema baba hajala tangu gari lilipoondoka. Uji unapoa mbele yake. Anaketi juu ya ndoo katika zizi tupu, ametazama barabara, na ukimsemesha husikia jina la Kadogo tu. Anauliza nitakuja lini. Nikamshauri abadilishe unga. Yawezekana huo wa wimbi umekaa sana.

Kesho wanafunzi wa chuo wanatutembelea, na daktari ameniomba niwafundishe somo moja. Nimelichagua mwenyewe: kwa nini farasi wazee hawatenganishwi. Nimeliandaa mchana kutwa, lina utangulizi wenye nguvu.

Kananu amepiga tena, mara mbili. Nimezima simu mpaka nimalize hitimisho.