Viena kwa Treni Inayochelewa

Jumamosi, 10 Januari

Leo Roswitha ameweka kijiko chini katikati ya supu akasema anataka kwenda Viena. Si "siku moja". Si "tukijaliwa". Tarehe saba Februari! Kuna dansi la alasiri kwenye ukumbi mmoja huko, na wanandoa waliotimiza miaka thelathini ya ndoa ndio wanaofungua uwanja kwa mtindo wa walsi. Wanaitwa kwa majina, jozi kwa jozi, mbele ya watu wote. Sisi tulitimiza Novemba. Nilimnunulia birika la umeme. Bado linachemsha vizuri.

Akasema katika miaka yote hiyo hajaniomba jambo kubwa. Anataka tu asikie jina lake na langu yakiitwa pamoja, tuzunguke uwanja mara moja, basi. Machozi yalimlengalenga. Nikaguswa, sifichi. Nikamwambia safari aniachie mimi. Badala ya kushukuru, akashtuka.

Chuo cha dansi anachosoma, cha Bi Edeltraud, kinakwenda kwa kundi. Treni ya saa nne asubuhi, viti vimeshawekwa, bila kubadilisha treni njiani. Nimekataa katakata. Nilikuwa mkaguzi wa mizani wa jiji la Nuremberg mpaka nilipostaafu. Siburutwi kama begi.

Jumatano, 14 Januari

Nimekutana na Burkhard Seubert kwenye ngazi. Jirani wa chini. Mgane, nywele kazitia rangi, leso yake hupigwa pasi. Na yeye anasoma dansi! Na yeye anakwenda Viena! Kiti alikata tangu Novemba. Viti viwili, kwa kweli. Kimoja chake, cha pili cha suti yake yenye mkia, isije ikakunjika.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Akasema, "Cheka tu, jirani. Suti ya namna ile ikikunjika, mtu mzima unaonekana kama uliyelala nayo kwenye benchi."

Nikampelekea Roswitha kichekesho hicho mezani. Hakucheka. Akasema huyo ni mtu anayefikiria mbele. Anayefikiria mbele! Mtu anayelikatia koti tiketi!

Nimejilaza mchana nikiwa na hasira, nikaamka na mpango. Ni huu. Tiketi rahisi kabisa inakufunga kwenye treni moja tu. Ukiikosa, imekula kwako. Lakini treni hiyo ikichelewa zaidi ya dakika ishirini, unafunguliwa, na unaruhusiwa kupanda yoyote uitakayo. Sasa, kuna treni ya alfajiri ya kwenda Viena ambayo haitakiwi na mtu. Inatokea mbali, usiku kucha njiani, na inachelewa kila siku. Tutanunua tiketi za hiyo, kwa bei ya bure. Itachelewa. Tutafunguliwa. Tutapanda ya saa nne, tumekunywa chai, na tutapita mbele ya Burkhard tukiwa tumelipa kiasi cha kuchekesha.

Sijui kwa nini wengine hawajalifikiria hili. Nadhani ni elimu.

Jumanne, 20 Januari

Utafiti unaendelea. Naamka gizani kila siku kuifuatilia treni yangu kwenye simu. Juzi nusu saa. Jana karibu saa nzima. Leo kulikuwa na mti kwenye reli, nikapiga makofi peke yangu jikoni.

Nimenunua tiketi. Roswitha akauliza, je, siku hiyo ikifika kwa wakati? Nikamtazama kwa huruma. Nikamwambia, "Mke wangu, umeishi Ujerumani muda gani?"

Akasema tukipanda hiyohiyo ya alfajiri pia tutafika. Haelewi. Kupanda treni uliyoikatia tiketi kunamharibia mtu maana nzima ya mpango.

Akanikumbusha pia mazoezi ya dansi ya jioni. Sikuweza kwenda, nimechoka kwa sababu ya kuamka mapema. Na goti langu bovu nalo. Burkhard amejitolea kusimama mahali pangu. Mwache ajichoshe.

Alhamisi, 29 Januari

Nimekwenda dansini mara hii moja, ili wasiseme. Nimemkanyaga Bi Edeltraud. Mara mbili. Akaniambia kwa sauti ya kusikika chumba kizima, "Bwana Zwickl, hii ni walsi. Zabibu za mvinyo tulikwishazikanyaga Septemba."

Wakacheka. Roswitha hakucheka, aliniangalia tu, akanishika mkono akasema pole pole, moja mbili tatu, nisitazame miguu nimtazame yeye. Nilijaribu. Kwa muda kidogo mambo yalikwenda. Kisha simu ikatetemeka mfukoni, kuna matatizo ya ishara za reli upande wa Würzburg, ikabidi nitoke nje kusoma.

Niliporudi alikuwa anazunguka na Burkhard. Wanajua kuzunguka, lazima niseme. Na Roswitha alikuwa anacheka, cheko moja hivi ambalo sikumbuki mara ya mwisho nililisikia lini. Nikaona vizuri sana. Mwalimu wa faragha namna hiyo ungemlipa pesa nyingi, na mimi nimempata bure.

Ijumaa, 6 Februari

Kesho! Mabegi tayari. Gauni lake la buluu. Suti yangu imo kwenye sanduku lake kubwa, mimi nitasafiri na jaketi la mvua na viatu vya kupandia milima, mguu uwe huru.

Ugomvi kidogo. Anataka twende stesheni alfajiri, kwa usalama. Nikamwambia hapana, hapana, hapana. Tukisimama jukwaani na treni ikaingia, tutapata kishawishi cha kuipanda. Mwindaji hakai kwenye mtego wake mwenyewe.

Akasema, "Ottmar, mimi habari za treni sizijali. Ije inayokuja. Nataka saa kumi uwe umesimama ubavuni kwangu wakitaja majina. Hilo tu. Utakuwepo?"

Nikasema nitakuwepo. Alinishika shavu. Nilijisikia kama kijana, na goti likatulia kabisa.

Jumamosi, 7 Februari, ndani ya treni ya mwendo wa kinyonga

Naandika haraka kabla damu haijapoa.

Alfajiri, simu: treni inachelewa dakika arobaini! Nikambusu Roswitha. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, koti amevaa, mkoba magotini. Nikamwambia avue, alale, tumeshinda. Nikapiga picha ya ujumbe huo wa simu kama ushahidi. Nikalala fofofo.

Kulikucha, nikasoma simu tena. Treni yenu imeondoka Nuremberg kwa wakati.

Kwa wakati!

Nikapiga simu kwa huduma. Kijana mmoja mchangamfu akanieleza kwamba ile iliyotoka mbali ilichelewa kweli, lakini hapa Nuremberg walikuwa na treni ya akiba kwenye maegesho, wakaitoa, ikaondoka sawasawa na saa. Eti jitihada mpya. Eti kwa ajili yetu abiria. Nikamuuliza nani amewaomba.

Roswitha alipiga mswaki akafunga sanduku. Nikamwambia asijali, tutapanda ya saa nne kama tulivyopanga, picha ninayo.

Tukapanda. Behewa lile lile la kundi la Bi Edeltraud, bahati ilioje. Burkhard dirishani, suti kiti cha pembeni, imeketi vizuri kuliko watu. Sisi tukasimama mlangoni. Akaja mkaguzi wa tiketi, mama mmoja mpole. Akatazama tiketi, akanitazama mimi.

"Mzee wangu, hii ni ya treni ya alfajiri."

Nikasema ilichelewa. Nikatoa picha.

"Ilichelewa mpaka tulipoibadilisha. Kisha haikuchelewa."

Nikasema huo ni ujanja.

Akashusha pumzi. "Yaani malalamiko yako, mzee, ni kwamba tumefika kwa wakati?"

Behewa zima likaangua kicheko. Roswitha akafungua mkoba, akakata tiketi mpya ya bei kamili, papo hapo. Akasema, "Kata na ya mume wangu." Nikasema asithubutu. Nikimlipa huyu mama, ni kukubali kwamba mfumo wangu una kasoro. Roswitha akaninong'oneza, "Ottmar, kaa. Nakuomba. Saa kumi." Nikamwambia saa kumi nitakuwepo, kwa njia yangu, kwa tiketi za treni za polepole zinazonunuliwa na watu wenye akili.

Nikashuka Regensburg, kichwa juu. Treni ilipoondoka nilimwona Roswitha dirishani. Amekaa kwenye kiti cha suti. Suti imepakatwa na Burkhard. Akanipungia mkono, Burkhard, si Roswitha.

Baadaye, Viena, kwenye benchi nje ya ukumbi

Kwenye stesheni ya Plattling nilingoja. Passau nilingoja tena, nikala soseji ya baridi. Linz nikapanda isiyo yenyewe, ikanirudisha nyuma. Lakini moyo ulikuwa mtulivu kwa sababu moja. Majina wanaita kwa alfabeti. Mimi ni Zwickl! Kwa mara ya kwanza maishani jina hili limekuwa na faida.

Kutoka stesheni nilikimbia. Goti likilia, nikakimbia. Nikafika mlangoni jasho likinitoka, na humo ndani nikamsikia mtangazaji akiita Bwana na Bibi Wagenknecht. Nimewahi! Bawabu akanizuia kwa mkono mmoja. Akasema, kwa adabu zao zile za Viena zinazomkata mtu bila damu, kwamba mheshimiwa pengine anautafuta mlima. Nikasema suti yangu imo humu ndani. Akasema basi suti ina bahati.

Mlango ni wa kioo. Niliona yote.

"Bwana Ottmar Zwickl na Bibi Roswitha Zwickl, miaka thelathini!"

Burkhard akainama. Akapokea makofi yaliyokuwa yangu, yote, akampa Roswitha mkono. Ukumbi mzima ukasimama kwa ajili yao. Wakazunguka. Gauni la buluu likafunguka kama mwavuli. Mwanzoni Roswitha alikuwa anatazama mlangoni, sijui kama aliniona, kioo kilikuwa na ukungu wa pumzi yangu. Kisha akaacha kutazama.

Iliniuma. Naandika hivyo hivyo, iliniuma sana. Nilitaka kugonga kioo niseme mimi ndiye Zwickl. Sikugonga.

Suti ya Burkhard imekunjika mgongoni, vizuri tu. Niliiona hata kwa mbali.

Jumapili, 8 Februari

Kifungua kinywa mkahawani, mimi na Roswitha tu. Keki ya chokoleti, hakuigusa. Nikasubiri anifokee. Angalau akifoka ningemjibu.

Akasema kwa sauti ya kawaida, "Nilikungoja mpaka walipofika W, Ottmar. Burkhard hakutaka. Nilimvuta mimi."

Nikamweleza kwa utaratibu. Kama Linz ningepanda treni ya jukwaa la pili, ningefika walipokuwa kwenye S. Kama yule bawabu asingekuwa na kiburi. Kama shirika la reli lingekuwa na msimamo, maana huwezi kuwazoesha watu kuchelewa kisha ukawageuka siku moja. Nilichora kwenye kitambaa cha karatasi, mishale na yote. Alinitazama mpaka nikamaliza. Kisha akaita bili, akalipa, akaivuta ile keki upande wangu akasema nile mimi.

Tumerudi na kundi. Watu walikuwa wakimwita Burkhard "Bwana Zwickl" wakicheka. Nikacheka nao, nisionekane mwenye kinyongo.

Jumanne, 10 Februari

Siku nzuri. Nimewaandikia shirika la reli kudai fidia kwa treni iliyofika kwa wakati bila taarifa. Kurasa nne. Nimeambatisha picha.

Na nimegundua kosa lilikuwa wapi. Halikuwa kwenye mpango, lilikuwa kwenye treni! Nilichagua inayochelewa kidogo. Kuna ya kwenda Strasbourg, mimi sijapata kuona. Inachelewa mpaka inakutana na ya kesho yake. Hakuna akiba itakayoiokoa hiyo. Nimeshakata tiketi ya mwezi wa tano, wikendi ndefu, watu wawili.

Nikamwambia Roswitha. Nilijiandaa kubishana. Hakubishana! Akasema wazo zuri, ila yeye atatangulia Ijumaa kwa treni ya kawaida, mimi nifuate na yangu. Tiketi yake niiuze. Burkhard naye anakwenda siku hiyo hiyo, atamsaidia mabegi, na hoteli ameshaitafuta, ndogo, mtoni, yenye roshani.

Nimewaza pembe zote, sioni hasara. Mzigo anabeba mwingine. Hoteli anahangaika nayo mwingine. Mimi nakaa nyumbani kwa raha zangu naitazama simu mpaka nifunguliwe. Roswitha amesema hata nisiharakishe, nikifika Jumapili jioni si mbaya, na nikishindwa kabisa pia si mbaya. Miaka thelathini, na hatimaye ameuelewa mfumo wangu!