Umeme wa Mashine ya Mpunga na Mayai ya Balbina

Jumatatu, 3 Juni 1996

Evelina wangu ametengeneza mashine ya kutotoa vifaranga! Kwa mikono yake! Mtoto niliyemzaa hapa hapa Ifakara, mimi niliyeishia darasa la nne. Sanduku la mbao, balbu ndani, na saketi ndogo inayopima joto. Likizidi inazima balbu, likipungua inawasha. Mayai waliyaleta akina mama wa jumuiya, wiki mbili na siku kidogo zilizopita. Ya Balbina ndiyo mengi, ya kuku wake wa Mahenge anaowaringia. Yataanguliwa Jumamosi. Nimealika mtaa mzima.

Dosari moja. Kati ya ukuta na sanduku Evelina ameweka kidude cheusi, kibaya kama kipande cha mkaa. Anasema kina transfoma inayotenga saketi na umeme wa nyumba, tena kinatuliza volti. Saketi ni kama mtoto njiti, mama, haitaki kushtuliwa. Usikiguse. Nikasema sawa. Kesho anakwenda kijijini Mbingu kumsalimia bibi yake.

Jumatano, 5 Juni

Balbina kaja kuchungulia mayai yake. Akauliza, hicho kikopo ndicho kinachobeba mashine yote? Akacheka mpaka akashika mlango. Mbele ya watu!

Nimepata dawa. Jirani yangu Dionisi ana mashine ya kukoboa mpunga. Umeme unaozungusha dubwasha lile ushindwe na mayai? Nikampelekea wali na kambale. Akala, akanivutia waya hadi dirishani. Kidude nimekisukumia uvunguni. Balbu inawaka kama Krismasi! Balbina ataona.

Ijumaa, 7 Juni

Laiti mikono yangu ningeikalia.

Ni mavuno, magunia yamejaa kwa Dionisi. Kila akiwasha mashine, balbu inasinzia. Akizima, inang'aka. Nikasema ndiyo nguvu hiyo. Mara harufu. Moshi. Nikafungua dirisha, nikamwambia Balbina, aliyekuwa akipita, ni vumbi la pumba. Kumbe saketi imeungua, na balbu imekataa kuzima. Mayai yameivia sandukuni.

Evelina amerudi mchana. Hakugombeza. Afadhali angegombeza. Akasema mota ya mashine inaurushia umeme mateke, mama, ndiyo maana niliitenga saketi. Akapasua yai moja. Kifaranga alikuwa ameshaota manyoya. Akageukia ukutani. Na mimi nimelia, jikoni, nikisingizia kuni mbichi.

Balbina naye: Mama Evelina, si ungesema unataka ya kuchemsha, ningeleta na chumvi. Nikaingia ndani, nikafunga mlango. Mimi!

Jumapili, 9 Juni

Nimetubu. Jana Evelina aliweka saketi mpya. Akina mama wameleta mayai mengine, hata Balbina, ingawa ameyatoa kama anayeng'olewa meno. Kidude cheusi kimerudi mahali pake; Evelina anasema nguvu yake inatosha sanduku tu. Nimeapa waya wa Dionisi siugusi, na siugusi.

Lakini kidude kile ni lulu! Kinatuliza umeme wote unaopita. Sasa kitu kizuri hivyo kibebe sanduku peke yake? Huo ni uchoyo. Nimeazima friji ya soda na spika za kwaya. Vyote nitavichomeka humo humo, vitulie pamoja na mayai. Evelina nimemficha, nataka kumfurahisha. Balbina nimemwambia asithubutu kukosa. Jumamosi ya tarehe 29, sikukuu ya Petro na Paulo, mayai yakianguliwa, waje wote.