Studio Nyuma ya Migomba

Jumamosi, 21 Oktoba 1978

Nimemaliza darasa la saba. Sina kazi ila kuimba. Naimba vizuri, lakini hakuna anayejua, maana mtu akinitazama tu sauti inakimbia. Zita, binti wa baba mkubwa, anaimba kama debe linaloburutwa. Hana haya. Kwa hiyo ndiye kiongozi wa kwaya ya vijana.

Leo mjomba Theonest, mwalimu huko Biharamulo, amekuja na redio kaseti yake. Anasema Dar es Salaam kuna studio: chumba kisichopitisha kelele, unaimba humo peke yako, huonekani, na nchi nzima inakusikia. Peke yako! Huonekani! Nimemwambia nikipata chumba hicho aniazime redio kaseti. Amecheka, kisha ameahidi.

Nahitaji kiwanja tu. Kidogo.

Jumatatu, 23 Oktoba

Anayegawa viwanja ni Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Pancras. Nilikariri hotuba njia nzima. Nikafika, nikasema shikamoo. Akasema marahaba. Hotuba ikapotea. Nikasema shikamoo tena. Akasema mwanangu, moja inatosha, sema shida yako. Nikasema: kiwanja. Akatabasamu, akauliza kijana ni wa wapi. Sikuelewa. Nikaitikia kwa kichwa, kwa adabu.

Jumatano, 25 Oktoba

Kumbe msichana haombi kiwanja ila amepata mchumba! Shangazi Deodata amefika asubuhi na kibuyu cha pombe ya ndizi. Mama amelia, anauliza kwa nini nimemficha. Zita anasema huyo mume lazima ni kipofu, au ana haraka. Nikaeleza kwamba nataka nyumba ya kuimbia. Mama akalia zaidi.

Mzee Pancras ameleta jibu: ardhi ya kijiji ni ya kulima na ya kuishi. Ya kuimbia haimo katika mpango. Shangazi ameondoka na kibuyu chake.

Jumamosi, 28 Oktoba

Sitaomba tena. Nyuma ya migomba yetu, karibu na kichuguu, kuna kipande kisicholimwa. Nachimba kwenda chini! Chini hakuna jogoo, hakuna mbuzi, hakuna Zita. Viganja vyote malengelenge. Mama ameuliza ni nini. Nimemwambia ni choo kipya. Amenisifu mbele ya majirani. Ni mara ya kwanza mwaka huu.

Ijumaa, 3 Novemba

Vita! Redio imetangaza. Majeshi ya Uganda yamevuka mpaka huko kaskazini. Hapa kwetu agizo ni kuchimba mahandaki, kila mtaa. Mama, kwa fahari, akawaambia mgambo kwamba binti yake ana shimo tayari.

Mzee Pancras akashuka ndani. Likamfika kifuani. Akasema mtoto huyu aliiona vita kabla ya Serikali. Makofi! Nilitaka kusema ni studio. Wakageuka wote kunitazama. Nikasema shikamoo.

Sasa ni Handaki Namba Moja. Wamelipanua, wakaweka paa la magogo na kulifunika kwa majani ya migomba, adui asilione.

Jumapili, 12 Novemba

Mjomba Theonest amejiunga na mgambo, kesho anakwenda mstari wa mbele. Amepita kuaga, ameniletea redio kaseti, kanda tupu na betri mpya. Amesema akirudi jambo la kwanza anataka kusikia wimbo wangu. Je, asiporudi?

Kabla ya jioni Mzee Pancras ameichukua, wananchi wapate habari za vita. Ameiweka handakini. Chumba changu, mashine yangu, na mlangoni mgambo anayeniuliza nataka nini.

Jumanne, 14 Novemba

Leo mazoezi. Rimu ya gari ikagongwa, watu wote mbio handakini. Nilipofika kumejaa. Nikabaki nje, kifudifudi, kwenye matope. Ndani Zita akaanzisha wimbo wa kuwatia watu moyo. Mzee Pancras, akitafuta habari, akabonyeza kitufe chekundu. Zita amerekodiwa! Studioni mwangu! Wa kwanza!

Jioni tumesikilizishwa kanda uwanjani. Sauti safi ajabu. Studio yangu ni nzuri kweli, hata Zita anasikika kama binadamu. Mwishoni, aliponyamaza, kuna kitu kinalia kwa mbali. Mzee Pancras akasema ni fisi. Watu wote wakakubali ni fisi.

Ni mimi, nikilia kule matopeni. Mama peke yake ndiye aliyegeuka kunitazama.

Jumatano, 15 Novemba

Nimefikiri sana na nimeliona kosa langu. Shimo lilikuwa fupi mno, tena karibu na nyumba. Jipya nimelianza leo upande wa pili wa kichuguu. Litakuwa refu zaidi, pana zaidi, na paa la magogo mazito. Nitalifunika kwa majani ya migomba, mtu asilione. Safari hii hakuna atakayelitaka. Mjomba akirudi atanikuta tayari.

Mama amepita, akauliza nachimba nini. Nimemwambia choo.